Kuhama kutoka Haiku beta4 kwenda beta5: shida huwa nje ya vifurushi

Anayewasha mfumo endeshi wa Haiku kwa mara ya kwanza anaweza kudhani amerudi miaka ya tisini. Dirisha halina utepe mrefu juu, lina kichupo kifupi cha njano upande wa kushoto. Deskbar, kisanduku cha menyu na programu zilizo wazi, imejikunyata kwenye kona ya kulia. Sura hiyo ni ya BeOS, mfumo endeshi wa kampuni ya Be aliyoianzisha Jean-Louis Gassée mwaka 1990. Palm ilinunua mali za Be mwaka 2001, na mwaka huohuo wapenzi wa mfumo huo wakaanza kuuandika upya kwa jina la OpenBeOS. Jina la Haiku lilikuja 2004. Kwa nje umebaki ukale mtupu, na wenyewe hawauonei haya. Ndani kuna mambo ambayo mifumo mingi mipya haina, na ukipandisha toleo bila kuyaelewa utaumia mahali ambapo hukupategemea.

Toleo la R1/beta4 lilitoka Desemba 2022, na R1/beta5 likafuata tarehe 13 Septemba 2024. Kuhama kutoka moja kwenda jingine ni amri tatu tu. Ukisikia mtu amepoteza anwani zake zote, au mashine imegoma kuwaka baada ya kusasisha, mara nyingi si amri hizo zilizomponza. Ni kitu kilichokaa nje ya vifurushi: ama mfumo haukukigusa wakati ulipaswa kuguswa, ama mwenyewe alikigusa vibaya alipokuwa akijiandaa.

Mfumo mzima, ikiwemo kerneli ambayo ndiyo kiini chake, hukaa ndani ya vifurushi, yaani faili za .hpkg, kwenye folda ya /boot/system/packages. Faili hizo hazimwagwi kwenye diski kama ilivyozoeleka kwingine. Haiku huzipachika zikiwa zimefungwa vilevile, na unachokiona ukifungua /boot/system ni taswira inayojengwa kutoka ndani yake. Ndiyo maana ukijaribu kufuta kitu humo unajibiwa kwamba ni pa kusoma tu. Panapoandikika ni folda chache: settings, cache, var, packages na non-packaged. Kusasisha, basi, ni kubadilisha orodha ya vifurushi vinavyotumika. Orodha ya zamani haitupwi. Inawekwa kando pamoja na vifurushi vyake, kwenye folda yenye jina linaloanza na state_ na kumalizikia na tarehe na saa, ndani ya /boot/system/packages/administrative. Folda hiyo ndiyo bima yako.

Kwa vitu vyako binafsi bima hiyo haipo, na hapo ndipo bekapu inapoingia. Lakini bekapu ya Haiku ina mtego wake. Mfumo wa faili wa BFS huruhusu kila faili kubeba sifa zake pembeni: mada ya barua pepe, jina la aliyeituma, namba ya simu, anwani ya tovuti. Barua pepe moja ni faili moja, na mada yake imeandikwa kwenye sifa iitwayo MAIL:subject. Mtu mmoja kwenye kitabu cha anwani ni faili moja ya People, na kila kinachomhusu kiko kwenye sifa. Vialamisho vya kivinjari cha WebPositive ni hivyohivyo. Sasa fungua faili ya People uangalie ukubwa wake: baiti 0. Hakuna kitu ndani ya mwili wa faili, kila kitu kimening'inia pembeni. Ukiikokota kwenda kwenye flashi yenye FAT32, inanakiliwa vizuri kabisa, jina linaonekana, na kilichofika ni ganda. Mtu anaona majina mia mbili kwenye flashi, anaridhika, anafuta diski. Akirudisha, ana majina mia mbili na hana namba hata moja.

Kwa hiyo kuna njia mbili tu za kuaminika. Ya kwanza ni kuumba (kufomati) flashi au diski ya nje kwa BFS kupitia DriveSetup, programu ya Haiku ya kuandaa diski, kisha kunakili /boot/home yote kwa Tracker, kidhibiti chake cha faili. Ya pili, ikiwa flashi lazima ibaki FAT32, ni kufunga kila kitu kwa zip ya Haiku, ambayo inajua kubeba sifa:

zip -ry /flashi/nyumbani.zip /boot/home

Weka jina halisi la flashi yako badala ya "flashi". Herufi y inafanya viungo vya faili vibaki viungo badala ya kunakiliwa mara mbilimbili. Usitumie tar kwa kazi hii. Na uangalie ukubwa: FAT32 haipokei faili moja ya GB 4 au zaidi, kwa hiyo mwenye folda kubwa ya video aifunge peke yake. Baadaye fungua zip hiyo kwenye folda ya majaribio, chagua faili moja ya People, na uiulize kwa amri ya listattr, inayoorodhesha sifa za faili. Sifa zikitokea, bekapu ni bekapu. Zisipotokea, una orodha ya majina.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wanaosakinisha upya kabisa badala ya kupandisha. Utafutaji wa Haiku hutegemea faharasa za diski, na faharasa huhesabu faili zilizoandikwa baada yake tu. Ukimwaga barua zako kwenye diski mpya kabla faharasa hazijaundwa, barua zipo, zinasomeka, lakini utafutaji hauzioni. Angalia zilizopo kwa lsindex, ongeza zinazokosekana kwa mkindex, kisha ndipo urudishe faili. Aliyekwisha kukosea mpangilio huo anaokolewa na reindex.

Baada ya bekapu, pima afya ya ulichonacho. Amri ya uname -v itakuonyesha namba ya toleo: beta4 ni hrev56578, beta5 ni hrev57937. Kisha:

checkfs -c /boot

Hiyo inakagua tu bila kurekebisha. Ikilalamika, iendeshe tena bila -c kabla ya kugusa chochote kingine. Diski yenye hitilafu ndogo huishi miezi bila kuonekana, halafu siku ya kuandika vifurushi vingi kwa mkupuo ndipo inapojitokeza, na lawama zote zinaangukia toleo jipya.

Pakua pia picha ya beta5 ya aina ya anyboot na uiandike kwenye flashi. Iwashe mashine kwa flashi hiyo, uchague kujaribu bila kusakinisha. Kama WiFi, sauti na skrini vinafanya kazi hapo, vitafanya kazi kwenye diski pia, kwa sababu draiva ni zilezile. Jaribio hili linachukua dakika kumi, na flashi yenyewe utaihitaji kama mambo yataharibika. Wanaoruka hatua hii ndio huishia kutafuta kompyuta ya jirani usiku.

Halafu njoo kwenye vitu vilivyo nje ya vifurushi. Fungua /boot/system/non-packaged na /boot/home/config/non-packaged. Chochote kilichomo humo ulikiweka mwenyewe, hakuna atakayekisasisha, na mfumo mpya utakipakia kama ulivyokuwa ukikipakia wa zamani. Fonti na picha hazina neno. Hatari ni draiva, yaani faili zilizoko chini ya add-ons/kernel. Draiva iliyotengenezwa kwa kerneli ya beta4 inaweza kuiangusha ya beta5 kabla hata eneo la kazi halijaonekana. Iondoe kwanza. Toleo jipya likiwa na draiva yake yenyewe, hutaihitaji tena.

Maghala ya ziada, yaani seva zinakopakuliwa vifurushi, nayo yaondolewe. Amri ya pkgman list-repos itakutajia yote (pkgman ndiyo msimamizi wa vifurushi). Yanayopaswa kubaki ni mawili, Haiku na HaikuPorts. Mengine yaondoe kwa pkgman drop-repo ikifuatiwa na jina. Unaweza kuyarudisha baadaye, yakishakuwa na vifurushi vya toleo jipya.

Kazi yenyewe ndiyo hii, ndani ya Terminal:

pkgman add-repo https://eu.hpkg.haiku-os.org/haiku/r1beta5/$(getarch)/current

pkgman add-repo https://eu.hpkg.haiku-os.org/haikuports/r1beta5/$(getarch)/current

pkgman full-sync

Sehemu ya $(getarch) iache kama ilivyo. Itajijaza yenyewe kwa x86_64 au x86_gcc2 kulingana na mashine. Wanaoiandika kwa mkono ndio wanaojikuta wakilivuta ghala lisilo lao. Kosa jingine la mara kwa mara ni kubadilisha ghala la kwanza na kusahau la pili. Mfumo unapanda kwenda beta5, programu zinabaki za beta4, na kinachofuata ni malalamiko marefu kwamba maktaba fulani haipatikani.

Kuna tofauti kati ya pkgman update na pkgman full-sync. Ya kwanza hupandisha kilichopo bila kuthubutu kuondoa kitu. Ya pili huifanya mashine ilingane na maghala, hata kama ni kwa kushusha toleo la kifurushi au kukiondoa. Kwa kuhama toleo zima, full-sync ndiyo yenyewe, ila soma orodha yake kabla ya kujibu yes. Ikikuta mgongano itakuwekea matatizo kwa namba, na chini ya kila tatizo suluhisho moja au zaidi, likiwemo la kuondoa kifurushi fulani. Kikiwa ni mchezo au kihariri, kubali kiondoke, utakisakinisha upya kutoka HaikuDepot, duka la programu la Haiku. Kikiwa ni kifurushi chenye jina la haiku lenyewe, jibu q utoke. Hapo kuna ghala lililokosewa, na kuendelea ni kujitafutia.

Upakuaji ukikatika katikati kwa sababu bando limeisha au umeme umekwenda, hakuna kilichoharibika. Orodha ya vifurushi haibadilishwi hadi vyote viwe vimefika. Rudia full-sync. Mwishoni utasoma kwamba mabadiliko yametekelezwa na kwamba hali ya zamani imewekwa kwenye state_ fulani. Nakili jina hilo kwenye karatasi. Usianze kufungua programu nyingine hapo, kwa sababu kerneli inayokimbia bado ni ya zamani.

Lakini usiwashe upya pia. Bado.

Hapa ndipo penye kosa linaloangusha watu wengi kuliko mengine yote kwenye mashine zinazowaka kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta iliyochukua nafasi ya BIOS. Kianzishi cha Haiku, ile programu ndogo inayoitafuta kerneli na kuipakia, hakikai kwenye diski ya Haiku. Kinakaa kwenye sehemu ya diski ya EFI, ambayo ni FAT, na pkgman haiigusi kabisa. Umepandisha kila kitu, ila mlinzi wa mlangoni ni yuleyule wa toleo lililopita, au hata la kabla ya hapo kama hujawahi kumbadilisha. Kerneli inapopokea taarifa kutoka kwa kianzishi, jambo la mapema kabisa inalofanya ni kulinganisha toleo la muundo wa taarifa hizo. Usipolingana inakataa kuendelea, na kwa kuwa hilo hutokea kabla skrini haijaandaliwa, unachokiona wewe ni giza. Si kila mara itagoma. Kianzishi cha zamani kinaweza kuendesha kerneli mpya kwa miaka. Ndiyo maana watu husema "mimi sikuwahi kukinakili na iko sawa". Iko sawa hadi siku isiyokuwa sawa.

Kukibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye eneo tupu la Desktop, nenda Mount, chagua sehemu ya EFI. Utaitambua kwa udogo wake na kwa folda ya EFI iliyomo. Kianzishi kipya kiko hapa:

/boot/system/data/platform_loaders/haiku_loader.efi

Hakikisha tarehe ya faili hiyo ni ya toleo jipya. Ikiwa bado ni ya zamani kwa sababu vifurushi vinasubiri kuwashwa upya, kichukue kutoka kwenye ile flashi ya beta5, njia ni hiyohiyo. Kama Haiku iko peke yake kwenye mashine, kinakili kwenda EFI/BOOT kwa jina la BOOTX64.EFI. Kabla ya hapo ibadilishe jina ile ya zamani iwe BOOTX64.OLD, usiifute. Kama mashine ina Windows au Linux pia, EFI/BOOT inaweza kuwa ya mwenzio. Haiku iwekwe kwenye EFI/HAIKU na iitwe kupitia rEFInd, menyu ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Kuandika juu ya BOOTX64.EFI bila kuuliza ni ya nani kunaweza kumfungia mwenzio nje ya mfumo wake. Na Secure Boot iwe imezimwa, kwani kianzishi cha Haiku hakina saini inayotambuliwa nayo.

Wenye mashine za zamani zinazowaka kwa BIOS wanaruka aya mbili zilizopita. Kwao sekta ya kuwashia huenda moja kwa moja kwenye folda ya packages na kutafuta kifurushi chenye jina linaloanza na haiku_loader, kilichoachwa bila kubanwa makusudi ili kiweze kusomeka katika hatua hiyo ya mapema. Kikipanda toleo, kianzishi kimepanda nacho. Laptopu ya mtumba ya mwaka 2008 ina nafuu kuliko mpya katika hili.

Sasa washa upya. Wakati wa kuwaka, aikoni saba huwaka moja baada ya nyingine, na mahali zinapokwama panakuambia mengi. Ikikwama kwenye ya nne, ya diski, kerneli haioni diski ya kuwashia: angalia kama diski iko kwenye USB, jaribu tundu jingine. Ikikwama kwenye ya tano, ya chipu, ni mambo ya prosesa. Zikiwaka zote hadi roketi halafu skrini ikawa nyeusi, ishuku draiva ya skrini kabla ya nyingine yoyote.

Tiba zote ziko kwenye menyu ya kianzishi. Kwenye BIOS shikilia Shift mara tu mashine inapoanza. Kwenye UEFI gonga kitufe cha nafasi mfululizo. Kwa skrini nyeusi ingia kwenye chaguo za usalama, washa ile ya kutumia draiva ya skrini ya dharura, endelea kuwasha. Ukishaingia na ukathibitisha kwamba draiva ndiyo tatizo, izuie moja kwa moja kwa kuandika faili ya /boot/system/settings/packages, mfano kwa kadi ya Radeon:

Package haiku {
    BlockedEntries {
        add-ons/kernel/drivers/bin/radeon_hd
    }
}

Mfumo utarudi kwenye draiva ya kawaida ya fremu. Unapoteza uwezo wa kubadili ukubwa wa skrini, unapata mashine inayowaka. Andika mahali kwamba uliizuia. Toleo lijalo huenda likawa limeirekebisha, na kizuizi hicho kiko kwenye settings, nje ya vifurushi, kwa hiyo kitabaki hapo hadi ukiondoe mwenyewe.

Mambo yakiwa mabaya zaidi ya hapo, kwenye menyu hiyohiyo chagua diski ya kuwashia, na chini yake utaona hali za zamani kwa tarehe. Chagua ile uliyoiandika kwenye karatasi. Mashine itawaka na beta4 kamili kama ilivyokuwa kabla ya full-sync. Vitu vya /boot/home havirudi nyuma, ni vya sasa. Kuwaka huko ni kwa mara moja. Ukiwasha tena bila kuchagua, utaletewa beta5. Ni nafasi ya kutoa faili zako, kusoma /var/log/syslog, na kuamua.

Ikiwa badala ya giza umeletewa skrini nyeupe yenye maandishi na neno kdebug, kerneli imeanguka. Piga picha kwa simu, andika bt upige picha ya kinachotokea, kisha andika reboot. Picha hizo mbili ndizo watengenezaji watakazokuomba.

Ukishaingia beta5, mabadiliko hayapigi kelele. Mtandao una kasi zaidi, kwa sababu sehemu ya TCP imefanyiwa kazi kubwa. VPN zinawezekana kupitia TUN/TAP, yaani violesura vya mtandao vya kuigiza. Mabadiliko ya rangi ndiyo yanayoshtua. Mpangilio wa Appearance sasa unaweza kukokotoa rangi nyingine kutokana na chache unazochagua, jambo linalofanya sura ya giza itumike bila maandishi meusi kuzama kwenye mandhari meusi. Aliyekuwa na rangi zake za kuchagua moja moja anaweza kukuta mchanganyiko wa ajabu. Bonyeza Defaults, anza upya. Kadi za WiFi za Broadcom za zamani zisipoonekana, endesha install-wifi-firmwares.sh ukiwa umeunganishwa kwa waya.

Wanaotumia Haiku kwa sababu ya BeOS yenyewe wana jambo lao. Programu asilia za BeOS R5 hukimbia kwenye Haiku ya biti 32 tu, ile ya x86_gcc2, kwa kuwa imejengwa na GCC 2.95 ili ilingane nazo. Hakuna njia ya kupandisha kutoka biti 32 kwenda 64. Ni kusakinisha upya, na programu zile hazitahamia huko. Upande wa 64 ndio wenye vivinjari na programu mpya nyingi zaidi. Kwa mashine yenye RAM ya MB 512, swali limejijibu, kwani biti 32 hutosheka na MB 384. Kwa yenye GB 4, weka zote mbili kwenye sehemu tofauti za diski. Kila moja inahitaji GB 3 kwa uchache, GB 16 kwa raha.

Nafasi ya diski itapungua baada ya kupanda, na sababu ni zile folda za state_. Ziache kwa wiki mbili tatu, hadi uwe umechapisha, umeunganisha projekta, umelaza na kuamsha mashine, na umetumia kila kifaa ulichonacho. Kisha fungua administrative, ufute za zamani, uache ile ya mwisho. Faili ya activated-packages iliyo pembeni yake isiguswe. Hiyo ndiyo orodha inayotumika sasa hivi.